Bwana Tarehe na Fundi Mizani

Siku ya kwanza ya kustaafu kwake, Bwana Tarehe aliahirisha chakula cha mchana.

Mkewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu mwaka mmoja kabla yake, alimuuliza kama angependa kula sasa au baadaye. Mzee akatazama saa, akatazama sahani, akavua miwani na kusema kwamba hoja ameisikia na uamuzi utatolewa saa nane na nusu. Saa nane na nusu alipofika mezani alikuta kitambaa kitupu. Mwalimu alikuwa ameshakula, ameosha vyombo, na amejinyoosha sebuleni anasoma gazeti.

"Rufaa inakatwa wapi?" akauliza mzee.

"Jikoni," akajibu mkewe bila kuinua macho. "Lakini wa huko kashafunga ofisi."

Ndivyo ilivyokuwa kwa miezi minne. Aliwataka watoto wa jirani waliovunja kioo watoe maelezo mmoja mmoja, nje ya masikio ya wenzao. Alimwambia fundi bomba kwamba anamfahamu vizuri mtu anayeficha jambo. Siku alipomtaka mkewe aeleze kwa nini jana alisema sukari imekwisha na leo anasema imebaki kidogo, Mwalimu alivumilia, kisha akamfungashia mkoba. "Nenda ukafungue ofisi," alimwambia. "Uwe wakili, uwe chochote, mradi saa mbili asubuhi usiwe humu."

Inafaa tuseme mapema jina lile alilipataje. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye kiti cha jaji, kazi yake ikiwa ni watu waliotoka kwingine na kuomba kubaki. Wengine wangesikiliza habari ya safari, ya ndugu, ya kazi. Yeye alisikiliza tarehe. Aliziandika kwenye karatasi ya safu mbili, kushoto zile za fomu, kulia zile za mdomo, na zilipopishana aliweka kalamu chini taratibu, na kila wakili mle ndani alijua kwamba hapo mtu ameshapakiwa kwenye basi. Hakuwa mkatili, wala hakula rushwa hata ya peremende. Alikuwa na hakika tu, na mtu mwenye hakika ni vigumu sana kumlisha kitu kingine.

Fahari yake kubwa ilikuwa sentensi moja aliyoiandika katika hukumu ya mchonga mihuri fulani, ambaye fomu yake ilisema amefika mwezi huu na mdomo wake ukasema mwezi ule: "Mtu aliyefika kweli hasahau siku aliyofika." Wanafunzi wa sheria waliikariri. Majaji wengine waliichomeka kwenye hukumu zao. Yeye mwenyewe aliinukuu kwenye harusi ya binti yake, na hakuna aliyeelewa inahusiana vipi na bwana harusi.

Basi akafungua ofisi. Kilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, chenye meza, viti vitatu na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kusitasita. Karani wake alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, msichana mwenye vidole vyepesi kwenye kompyuta na ulimi mwepesi zaidi. Wiki ya kwanza alikuta mjomba amesogeza meza hadi ukutani na kuiweka juu ya ubao ulioinuka kidogo, wateja wakae chini yake.

"Mjomba, hawa wanakuja kukulipa," alimwambia. "Hawaji kuhukumiwa."

"Mtu anasikika vizuri akiwa chini."

Ubao uliondolewa, tabia ikabaki. Mteja wa kwanza, muuza vitambaa, alihojiwa kwa saa nzima na kutoka akilia. Wa pili aliambiwa kwamba, baada ya kusikiliza pande zote, maombi yake hayana mashiko. Alipouliza upande wa pili ulikuwa nani, Bwana Tarehe alijikuna kichwa. Wa tatu, wa nne na wa tano walikubaliana ngazini kwamba kuliko kumlipa mzee huyu awafukuze, bora waende Idara ya Uhamiaji wakafukuzwe bure. Mpwa alianza kuwapokea wateja mlangoni kwa maneno ya kuwaandaa: "Mjomba ni mtu mzuri. Mkali ni yule aliyemo ndani yake."

Aliyekataa kukimbia alikuwa Fundi Mizani.

Huyu alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kisanduku cha vyuma begani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani kurekebisha mizani zilizolegea, na dunia yote aliiona kwa mizani. Alikuwa na mke mzaliwa wa hapa, mpishi wa shule, na binti wa miaka tisa aliyejua kuimba jedwali la kumi na mbili kwa kinyumenyume. Sheria ilisema mgeni akikaa miaka kumi na miwili mfululizo anaweza kupewa ukaazi wa kudumu. Fundi alikuwa amekaa kumi na minne. Idara ilimkatalia. Alikata rufaa, na akishindwa, atapewa siku kumi na nne za kufungasha.

"Kwa nini walikukatalia?" akauliza Bwana Tarehe.

"Tarehe, Mheshimiwa."

Mzee akahisi joto la zamani likipanda mgongoni. Akavuta karatasi, akaichora safu mbili.

Mambo yalikuwa hivi. Fomu ya kwanza kabisa ya Fundi ilijazwa na mwandishi wa barua aliyekuwa akikaa na taipureta yake nje ya posta. Mwandishi yule alikuwa na desturi yake: mteja asiyejua tarehe ya jambo alimwandikia tarehe mosi Januari, iwe ya kuzaliwa, ya kuoa au ya kufiwa. Ilikuwa rahisi kupiga na haikuhitaji maswali. Kwenye faili za Idara kuna umati wa watu waliozaliwa, wakasafiri na kufunga ndoa siku moja hiyo, kama vile miezi mingine kumi na mmoja walikuwa wamelala. Fundi naye akawa amefika mosi Januari. Lakini alipohojiwa kwa mdomo alisema alifika Julai, wiki ile mizani kubwa ya ghala la nafaka ilipokatika mnyororo.

"Ukihesabu kutoka Januari," akasema mpwa, "miaka kumi na miwili imetimia na kupita. Ukihesabu kutoka Julai, imetimia na kupita. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo," akasema mjomba kwa sauti ya darasani, "ni kwamba ziko mbili. Mwenye tarehe mbili haaminiki, na asiyeaminika hajafika."

"Sasa huyu aliyekaa hapa ni nani?"

Mzee alimtazama Fundi. Fundi akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi kwa kuwepo.

"Fundi," akasema Bwana Tarehe, "kwa nini umekuja kwangu? Huko nje wapo mawakili wanaoshinda."

"Nimeambiwa milango yote ya kesi hizi uliifunga wewe. Nikasema, aliyefunga ndiye anayejua komeo liko upande gani."

Jibu hilo lilimwingia mzee pabaya na pazuri kwa wakati mmoja. Akakubali kesi. Mpwa akaandika kwenye shajara na kuzungushia duara mara mbili, maana ilikuwa ya kwanza.

Na ajabu, alifanya kazi. Alipanda na kushuka madukani na Fundi wiki tatu, tai shingoni, akiuliza nani anakumbuka nini. Mwishowe walipata hazina: daftari la ukaguzi wa mizani la ghala la nafaka, lenye majani ya rangi ya chai. Ukurasa wa nne ulikuwa na tarehe ya Julai, maneno "mnyororo umebadilishwa", na sahihi ya Fundi, ileile, yenye mkia unaojikunja. Ghala lilishafungwa na mwenyewe alishafariki, lakini mjane wake aliwapa daftari. Bwana Tarehe alilishika kifuani hadi ofisini. "Fundi," alisema, "tumeshinda." Hakuwahi kumwambia mtu neno hilo, na lilimtoka kwa kigugumizi.

Siku ya shauri Mwalimu alivaa gauni lake la mikutano ya wazazi akasema naye anakwenda. Mumewe akamuuliza anakwenda kufanya nini.

"Nataka nione jaji akiingia wewe unasimama."

Jaji aliyeingia alikuwa mwanamama ambaye zamani alikuwa karani wake wa utafiti. Miaka sita alimbebea vitabu, na mzee akamfundisha kila alichokijua, ikiwemo karatasi ya safu mbili. Karani wa mahakama alipoita "Simameni!" watu wote walisimama, isipokuwa mzee mmoja mwenye joho jipya aliyebaki ameketi kwa utulivu, akiwatazama wenzake wakisimama, kama alivyozoea. Mpwa alimfinya. Mzee aliruka juu kama aliyekalia pini. Kule nyuma Mwalimu alifunika mdomo kwa kitambaa.

Mambo yalianza vizuri. Fundi alipanda kizimbani akaeleza habari zake kwa upole, mizani baada ya mizani. Kisha Bwana Tarehe akaliinua daftari kwa mikono miwili na kuomba lipokelewe kuwa kielelezo.

Wakili wa serikali, kijana aliyenyoa vizuri na kufunga tai kwa uangalifu, akasimama. "Pingamizi, Mheshimiwa. Mwenye daftari amefariki. Hakuna wa kulithibitisha."

Hapa lazima tumwonee huruma mzee. Miaka ishirini na miwili sikio lake lilisikia neno hilo na ulimi ukajibu wenyewe. Kijana alikuwa na hoja, hoja ilikuwa safi, na kabla akili haijafika mlangoni, ulimi ulishatoka.

"Pingamizi limekubaliwa," akanguruma Bwana Tarehe. "Kielelezo kisipokelewe. Endelea, wakili."

Watu wote walimgeukia. Hata kijana wa serikali alipigwa na butwaa, maana hakuwahi kushinda haraka hivyo. Kisha kicheko kikaanzia kwa karani, kikapita kwa askari wa mlangoni, kikajaa benchi hadi benchi. Mpwa alikuwa ameinamisha kichwa mezani. Aliyekuwa hacheki ni Fundi, ambaye alikuwa akilitazama daftari.

"Wakili," akasema jaji akijitahidi kukunja uso, "kazi hiyo siku hizi ni yangu."

"Naomba radhi, Mheshimiwa. Naomba kuondoa maneno yangu."

"Nasikitika. Pingamizi lina msingi, na upande wenu wenyewe umelikubali kwa sauti ya kutosha. Kielelezo hakipokelewi."

Mzee aliketi. Masikio yake yaliwaka moto. Alikuwa amemhukumu mteja wake mwenyewe, hadharani, mbele ya mkewe, na hukumu ilikuwa sahihi. Kesi ya Fundi sasa ilibaki na miguu miwili tu: mosi Januari ya mwandishi wa barua, na Julai ya mdomo wake.

Wakili wa serikali hakungoja. "Mheshimiwa, sina maneno mengi. Tarehe ni mbili. Na mahakama hii ilishasema, katika shauri la mchonga mihuri," akageuka kidogo kumwelekea mzee, akainama kwa heshima iliyozidi, "'mtu aliyefika kweli hasahau siku aliyofika.' Maneno hayo yamefuatwa katika mashauri mia mbili na kumi na manne. Mwandishi wake tunaye humu ndani, tena katika afya njema."

Jaji akageukia meza ya utetezi. "Wakili, unasemaje kuhusu hukumu hii?"

Bwana Tarehe alisimama akashika ncha za joho. Alijua pa kupita. Mawakili wote walipitia hapo walipokuja kwake. "Shauri lile ni tofauti, Mheshimiwa. Mchonga mihuri alifika kwa treni. Mteja wangu alifika kwa lori."

"Anayepanda treni anakumbuka zaidi?"

"Treni ina ratiba, Mheshimiwa."

Kicheko tena. Jaji akagonga meza kwa kalamu. Kijana wa serikali aliona mwanya akauingia mzimamzima. "Kwa ruhusa yako, Mheshimiwa. Wakili msomi alifika katika mahakama hii miaka mingi iliyopita. Bila shaka siku hiyo ameisahau?"

Wakili yeyote mwenye akili timamu angejibu: ndiyo, nimeisahau, na kesi ingekuwa imepona. Mpwa alimvuta joho. Lakini huwezi kumwonesha mzee yule tarehe ukategemea aipite, na kiburi kilishampanda.

"Nimeisahau?" akafoka. "Niliapishwa Jumatatu, tarehe nne Septemba, saa tatu asubuhi!"

Mpwa akashika tama. Kwa sentensi moja mjomba alikuwa ameizika kesi kwa mara ya pili, na safari hii na udongo juu.

"Si kweli," ikasema sauti kutoka nyuma.

Vichwa vyote viligeuka. Mwalimu alikuwa amesimama, mkoba mkononi, kama aliyeona kosa ubaoni.

"Ilikuwa Agosti, mume wangu, tena Ijumaa. Shule zilikuwa zimefungwa, ndiyo maana nikaweza kuja. Na ilikuwa saa nane, kwa sababu viatu vipya vilikubana tangu asubuhi na mchana ukawa unachechemea."

"Mama, naomba uketi," akasema jaji. "Huwezi kuzungumza humu bila kuapa." Kisha akamgeukia karani wa mahakama. "Karani. Pale mlangoni kuna kibao cha shaba chenye majina ya majaji. Kasome."

Karani alitoka. Walisikia viatu vyake vikienda, vikisimama, vikirudi.

"Tarehe kumi na tisa Agosti, Mheshimiwa."

Hakuna aliyecheka mara moja. Bwana Tarehe alibaki amesimama, mdomo wazi, akilipekua tena na tena lile tukio lake la Jumatatu. Alikuwa ameliona wazi kabisa: jua la asubuhi, mkono juu ya kitabu, saa ya ukutani ikionesha tatu kamili. Halikuwahi kutokea. Lilikuwa limejitunga lenyewe, likakaa kichwani mwake miaka yote hiyo kwa starehe, likila na kulala humo kama ndugu wa damu.

Alimtazama Fundi kizimbani. Fundi alikuwa ameshika ukingo kwa vidole vyote kumi, na macho yake yalisema wazi kwamba anahesabu siku kumi na nne.

Mzee alisema jambo kwa sauti ndogo.

"Karani hakusikia," akasema jaji.

"Nasema hukumu ya mchonga mihuri si sahihi."

"Nani aliyekosea, wakili? Kumbukumbu zinahitaji jina."

Mzee alivua miwani. Mwalimu, aliyekaa naye miaka thelathini na sita bila kumsikia akikiri kosa, hata la chumvi, alisogea mbele kwenye benchi.

"Mimi," akasema Bwana Tarehe kwa sauti iliyofika mlangoni. "Nilikosea. Mtu hufika kweli, na siku akaisahau. Anakumbuka mnyororo uliokatika, anakumbuka kiatu kilichombana. Tarehe anaandikiwa na mwingine. Mimi nilizifanya tarehe kuwa ndiyo mtu. Naomba mahakama isinifuate."

Jaji aliomba dakika ishirini. Aliporudi, mzee alisimama wa kwanza. Hukumu ilikuwa fupi: tarehe mbili peke yake hazimfanyi mtu kuwa mwongo, ushahidi wa mdomo wa mwombaji umeaminika, kwa tarehe yoyote kati ya hizo miaka imetimia, Idara impe ukaazi wa kudumu.

Kwenye korido palikuwa na vurugu ya furaha. Mke wa Fundi alimkumbatia mpwa, kisha askari, kisha, kwa kukosea, wakili wa serikali. Fundi alikishika kiganja cha Bwana Tarehe kwa mikono yote miwili, hakukiachia.

"Mheshimiwa, umenipa nyumba yangu."

"Nilikaribia kukunyang'anya mara mbili, Fundi. Usinivishe kilemba cha ukoka."

Fundi alicheka, akafuta macho. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama anavyouliza mtu wa mizani anapoona sahani moja iko juu. "Na yule mwenzangu je? Yule mchonga mihuri. Yeye walimrudisha?"

Bwana Tarehe alirudi nyuma hatua moja. Kulikuwa na benchi refu la mbao pale koridoni ambapo waombaji husubiri kuitwa. Miaka ishirini na miwili alilipita kila asubuhi. Sasa alilikalia. Aibu ilimshika, si ile ya kuchekwa, ambayo mtu huisahau akinywa chai. Hii ilitulia kifuani kama jiwe.

"Walimrudisha," alisema. "Mimi nilimrudisha."

Mkewe alimsogelea. Alimpokea joho tu, akalikunja vizuri mkononi.

Mzee aliinuka akashuka ngazi hadi masjala, chumba cha chini chenye rafu za chuma na harufu ya karatasi. Mpwa alimfuata na kalamu yake. Mtunza faili, mtu mzima aliyevaa sweta, alifurahi kumwona.

"Mheshimiwa! Unatafuta faili gani?"

"Shauri la mchonga mihuri."

"Jina la mwombaji?"

Sentensi aliijua. Ukurasa aliujua, na mstari. Alijua hata wino aliosainia. Alisimama pale mbele ya dirisha dogo, akapekua kichwa chake chote, kila safu na kila kona, na jina hakulikuta.

"Silijui," akasema.

Mtunza faili alizama kwenye rafu, akakaa huko muda mrefu, akarudi na jalada lililopauka. Akalipuliza vumbi na kulisoma jina lote, na la baba, na la babu. Mpwa aliinua kalamu aandike. Bwana Tarehe akaichukua kalamu ile mkononi mwake, akainama kwenye kidirisha, na kumwomba mtunza faili alisome tena, polepole.